Damu Inapita Wapi? Mazungumzo juu ya Picha za Uvimbe wa Ubongo

 Nawasalimu wazee wangu wa Ziwa la Ng'ombe, mama zangu mlio kwenye karai za viazi na bajia, vijana wa tuktuk mnaongoja abiria pale Bombolulu, na jamaa zetu wa Kongowea, Frere Town, Mshomoroni na Kisauni nzima, mpaka Changamwe na ng'ambo ya Likoni. Karibuni katika mazungumzo yetu ya afya. Kama redio iko mbali, isogezeni, maana jambo la leo lahitaji utulivu kidogo.

Wengi wenu mwajua kazi yangu. Mimi ni mtu wa picha hospitalini, wale mnaowaita watu wa eksirei. Leo nataka tuzungumze juu ya uvimbe wa ubongo, na ndani ya habari hiyo nataka nishike jambo moja tu. Nalo ni hili: kuna picha inayoonyesha uvimbe ulipo, na kuna picha inayoonyesha damu inavyopita ndani ya uvimbe huo. Hizi ni picha mbili tofauti. Naomba mlishike hilo, na nitalirudia kila tunapofika kituo.

Tuanze nyumbani, kwa sababu ugonjwa huanzia nyumbani. Tuseme kuna kijana, dereva wa tuktuk, ana miaka 30 na kitu. Hajapata kuugua kifafa maishani mwake. Asubuhi moja aanguka uani, ajipiga-piga, povu lamtoka mdomoni. Majirani wajaa. Mmoja asema, "Huyu yuna jini." Mwengine asema amerushiwa kitu. Wazee wazungumza, na kabla ya juma kuisha kijana amepelekwa kwa mganga, amefukizwa, amefungwa hirizi, na pengine nafuu imeonekana kwa siku kadhaa. Kisha aanguka tena.

Wasikizi wangu, mimi sikuja hapa kubishana na mtu juu ya dua. Dua ni haki ya mgonjwa, na mama anayemsomea mwanawe usiku kucha hafanyi kosa lolote. Ninachosema ni kwamba mtu mzima akianguka kifafa kwa mara ya kwanza ukubwani, huyo anahitaji picha ya kichwa. Dua iendelee, na hospitali aende. Vivyo hivyo kwa mtu anayeamka na maumivu ya kichwa ambayo ni makali zaidi asubuhi, pamoja na kutapika, na yanazidi juma baada ya juma. Vivyo hivyo kwa mtu ambaye mkono au mguu wa upande mmoja umeanza kulegea, au macho yameanza kuona nusu, au tabia imebadilika mpaka mkewe asema, "Huyu si yule niliyeolewa naye." Na kwa mtoto, tizama anavyotembea: kama amesahau kutembea vizuri na anapepesuka, usingoje.

Lakini msipate hofu kupita kiasi. Kifafa kingi hapa Pwani hakitokani na uvimbe. Wenzetu watafiti wa KEMRI pale Kilifi wameuchunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi, na sababu zake ni nyingi: shida wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, minyoo ya tegu iliyoingia kwenye ubongo, na kadhalika. Uvimbe ni sababu moja kati ya nyingi. Ndiyo maana twahitaji picha, ili tusibahatishe.

Sasa twende hospitalini. Kijana wetu amepanda matatu, amepita soko la Kongowea, amevuka Daraja la Nyali, amefika Makadara, yaani Hospitali Kuu ya Pwani. Daktari amemwandikia CT scan, picha ya miale inayoonyesha ndani ya kichwa. Picha yatoka, na upande wa kulia wa ubongo pana kitu. Swali: ni kitu gani?

Hebu niwape historia fupi hapa. Mgonjwa wa kwanza kabisa duniani kupigwa CT ya kichwa alikuwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo. Ilikuwa tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley kule London, kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Na picha ilionyesha uvimbe kweli, upande wa mbele wa ubongo. Kabla ya siku hiyo fuvu lilikuwa mlango uliofungwa, na mara nyingi daktari alipaswa kukisia. Napenda pia mjue kwamba Mwafrika alikuwamo katika habari hii. Hesabu za kugeuza miale kuwa picha zilikuwa zimeandikwa kabla yake na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kuliwaza jambo hilo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli.

Kwa hivyo tangu mwaka 1971 twaweza kuona uvimbe ulipo. Ikaja MRI, inayotumia sumaku, ikaonyesha vizuri zaidi. Lakini kuona ulipo ni nusu ya safari. Daktari wa upasuaji bado anauliza mambo matatu. La kwanza, hiki ni kitu gani? La pili, kina ukali kiasi gani? La tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni hili: baada ya matibabu, je, kimerudi? Na hapo ndipo picha ya kawaida huanza kunyamaza.

Sasa sikizeni vizuri, hapa ndipo pana kiini cha maneno.

Ninyi watu wa Ziwa la Ng'ombe mwajua habari ya maji kuliko mtu yeyote. Maji yetu ya upande huu hutoka mbali, Baricho, kule Mto Sabaki, yaja kwa bomba kubwa mpaka yatufikie, yakitufikia. Na mwajua vilevile kwamba kuna watu ambao wakiona bomba limepita, hutoboa usiku wakajiunganishia. Mabomba yao ni ya haraka haraka, yamepinda, viungo havikukazwa, na yanavuja njia nzima. Sasa nikuulize. Ukipewa ramani ya mtaa yenye nyumba zote zimechorwa, je, ramani hiyo itakuambia nani anaiba maji? Haiwezi. Itakuonyesha nyumba tu. Ukitaka kumjua mwizi, lazima ufuate maji yenyewe: yanaingia wapi, kwa wingi gani, na yanavujia wapi.

Uvimbe mkali wa ubongo ni mwizi wa namna hiyo. Mwaka huo huo wa 1971, daktari mpasuaji wa Boston, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe hauwezi kupita ukubwa wa milimita chache bila kujitengenezea mishipa yake ya damu. Wengi hawakumkubali mwanzoni. Leo ni elimu ya darasani. Uvimbe hutoa kemikali za kuita mishipa, mishipa mipya huota, lakini ni mishipa mibovu, imepinda, inavuja. Na ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, tayari hupokea karibu asilimia 15 ya damu inayotoka moyoni. Uvimbe unakuja kuchota katika sehemu hiyo.

Picha ya kawaida ya CT au MRI ni ile ramani ya nyumba. Picha ya mtiririko wa damu, ambayo kwenye karatasi za hospitali huitwa perfusheni, ndiyo inayofuata maji. Nimesema nitarudia, narudia: moja huonyesha uvimbe ulipo, na ya pili huonyesha damu inavyopita ndani yake.

Pengine mtu anauliza, mbona hata kwenye MRI ya kawaida nilidungwa dawa, na uvimbe ukang'aa mweupe? Swali zuri sana. Dawa ile huvuja mahali ambapo mishipa imeharibika, na pale ilipovujia ndipo panapong'aa. Kwa hivyo mng'ao wakuambia kuna uvujaji. Haukuambii kuna maji mengi kiasi gani yanayoingia. Na bomba linaweza kuvuja kwa sababu mwizi amelitoboa, au kwa sababu limezeeka na kuoza tu, wala hakuna mtu anayeishi pale. Shikeni hilo la bomba lililooza, tutalirudia baada ya muda mfupi.

Kipimo chenyewe hufanywaje? Niwachukue ndani ya chumba. Mgonjwa amevua saa, mkanda, pini za mtandio, simu imeachwa nje, maana mashine ya MRI ni sumaku yenye nguvu na haina mchezo na chuma. Amelala chali, kichwa ndani ya kibweta cha plastiki, masikio yamezibwa kwa sababu mashine hugonga kwa kelele. Mkononi ana kisindano cha plastiki mshipani, na mrija mrefu umeunganishwa na pampu. Picha za kawaida zikiisha, namwambia kwa kipaza sauti, "Sasa tulia kabisa, utasikia baridi mkononi." Mashine yaanza kupiga picha ya ubongo mzima tena na tena, takriban kila baada ya sekunde moja na nusu au mbili. Kisha pampu yasukuma dawa kwa kasi, mililita 4 au 5 kwa sekunde, na nyuma yake maji ya chumvi. Basi. Kwa muda wa dakika 2 hivi kazi imekwisha.

Nami kwenye skrini natizama mstari unaoonyesha nguvu ya ishara. Dawa inapofika kichwani mstari waporomoka ghafla, sekunde chache tu, kisha wapanda. Kompyuta yapima jinsi ulivyoporomoka katika kila kipande kidogo cha ubongo, na kutoka hapo yachora ramani ya rangi: buluu mahali penye damu kidogo, kijani, manjano, hadi nyekundu mahali penye damu nyingi. Upande wa ubongo usio na ugonjwa hutoa rangi inayojulikana. Uvimbe mkali huwaka nyekundu. Na mahali ambapo mishipa inavuja, mstari ule mara nyingi haurudi sawasawa ulipoanzia. Mtu wa picha aliyezoea huliona hilo kabla hata ramani haijatoka.

Kuna namna nyingine, na hii naipenda sana kwa ajili ya watoto na wagonjwa wa figo. Haina dawa yoyote. Mashine hutumia mawimbi ya redio kuyatia alama maji yaliyomo ndani ya damu pale shingoni, hungoja kama sekunde 2 damu ipande, kisha hupiga picha, na kompyuta huilinganisha na picha isiyo na alama kwa kutoa moja katika nyingine. Kinachobaki ni damu iliyofika. Huchukua kama dakika 5. Ilielezwa na watafiti wa Marekani, John Detre na wenzake, mwaka 1992. Udhaifu wake ni kwamba ishara yake ni ndogo, kwa hivyo hupendeza zaidi kwenye mashine zenye sumaku kali. Na kwa mtu ambaye haruhusiwi kuingia kwenye sumaku, kwa sababu ya betri ya moyo kwa mfano, kipimo cha mtiririko chaweza kufanywa kwa CT pia, ingawa hapo kuna miale na dawa yenye ayodini.

Haya, yana faida gani kwa yule kijana wetu wa tuktuk?

Kwanza, kitu gani. Kwetu Afrika Mashariki kitu kinachong'aa kichwani kwa umbo la pete si lazima kiwe saratani. Chaweza kuwa kifua kikuu cha ubongo. Chaweza kuwa jipu lililotokana na sikio linalotoka usaha miaka na miaka. Chaweza kuwa tegu, au toksoplazima kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka. Haya yote yana dawa. Mara nyingi damu yake ni kidogo, na uvimbe mkali damu yake ni nyingi. Mara nyingi, nasema, si kila mara. Kifua kikuu hasa huweza kudanganya. Hata hivyo kumpa daktari dokezo la namna hiyo kabla hajachukua kisu ni jambo kubwa.

Pili, ukali. Glioma, uvimbe unaotokana na chembe za ubongo wenyewe, una madaraja, kuanzia la 1 hadi la 4, na glioblastoma ndiyo ya daraja la 4. Uvimbe mmoja huweza kuwa mpole upande huu na mkali upande ule. Mpasuaji akichukua kipande kidogo cha kupeleka maabara, akakichukua upande mpole, maabara itasema ukweli juu ya kipande hicho na mgonjwa atapewa matibabu mepesi yasiyomfaa. Ramani ya damu humwonyesha pa kuchukua: hapa penye nyekundu.

Hayo mawili nimeyapitia upesi kwa sababu nataka muda kwa hili la tatu. Mama, punguza moto kidogo hapo kwenye karai, usikize.

Kijana amepasuliwa. Amepata mionzi. Zamani mionzi ilikuwa safari ya Nairobi, Hospitali ya Kenyatta, na mgonjwa wa Pwani alilala kwa jamaa majuma sita akingoja zamu. Leo Makadara ina kituo chake cha saratani, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Pamoja na mionzi amepewa vidonge vya temozolomide, ambavyo tangu utafiti wa Roger Stupp na wenzake wa mwaka 2005 ndivyo desturi ya kutibu glioblastoma. Amemaliza. Familia imechanga, harambee mbili, ng'ombe wa bara ameuzwa, dada ameweka rehani kiwanja. Baada ya miezi miwili apigwa MRI. Na picha yaonyesha mng'ao mkubwa kuliko ule wa mwanzo.

Mwafahamu uzito wa siku ile? Familia imekaa kwenye benchi, na karatasi imeandikwa kwamba mng'ao umeongezeka. Mtu asomaye hilo husema uvimbe umerudi, matibabu yameshindwa, turudi nyumbani tukangoje.

Lakini kumbukeni lile bomba lililooza. Mionzi hujeruhi mishipa, na mishipa iliyojeruhiwa huvuja. Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya mionzi, si wagonjwa wachache wanaoonyesha mng'ao ulioongezeka ambao hautokani na uvimbe hata kidogo. Ni jeraha la matibabu, na baada ya muda hupungua lenyewe. Kuna pia jeraha jingine la mionzi linalokuja baadaye, miezi mingi au hata miaka, ambapo sehemu ya ubongo hufa na kung'aa. Kwenye picha ya kawaida, jeraha na uvimbe uliorudi hufanana mno. Hata daktari mzoefu hawezi kuapa.

Hapa ndipo picha ya damu hupata heshima yake. Uvimbe uliorudi umejenga mishipa upya, damu ni nyingi. Jeraha la mionzi linavuja, lakini damu ni kidogo. Tofauti hiyo yaweza kumwokoa mtu asipasuliwe mara ya pili kutolewa kovu. Yaweza kumwokoa asikatishwe vidonge vinavyomsaidia. Na kwa upande wa pili, yaweza kumwonya daktari kwamba huu si wakati wa kungoja. Naamini, na nasema hili kwa moyo wangu wote, kwamba kama kuna mahali pamoja ambapo kipimo hiki kingepaswa kuwa desturi kwa kila mgonjwa wa Pwani, ni hapa: baada ya mionzi, mng'ao ukiongezeka, kabla familia haijaambiwa neno la mwisho.

Je, kipimo hiki hakikosei? Hukosea. Uvimbe mmoja wa daraja la chini unaoitwa oligodendroglioma huweza kuwa na damu nyingi, ukaonekana mkali kuliko ulivyo. Meninjioma, unaotoka kwenye utando wa ubongo na ambao mara nyingi ni mpole, nao huwaka nyekundu. Limfoma ni kali, na damu yake huweza kuwa ya wastani. Damu iliyoganda baada ya upasuaji, au vyuma vya mpasuaji, au uvimbe ulio karibu na mfupa wa chini ya ubongo, vyote huharibu picha. Na mara nyingi ndani ya mgonjwa mmoja kuna vyote viwili, jeraha na uvimbe pamoja. Kwa hivyo ramani ya rangi ni ushahidi mmoja. Husomwa pamoja na hali ya mgonjwa, picha za zamani, na pengine picha nyingine baada ya majuma kadhaa, na pengine kipande kipelekwe maabara. Anayewaambia kwamba rangi nyekundu pekee yatosha kuhukumu, msimkubalie.

Sasa, kwa nini wengi wetu hatujawahi kuisikia? CT ipo Mombasa miaka mingi. MRI ipo mjini. Mwaka 2015 serikali ilitia saini mkataba wa kukodi vifaa vya tiba kwa ajili ya hospitali za kaunti, na mashine za picha zilikuwamo. Kwa hivyo kilio cha "hatuna mashine" kimepungua nguvu. Kwa maoni yangu, kinachotukwamisha ni vitu vidogo vinavyozunguka mashine. Pampu ya kusukuma dawa imeharibika na haijatengenezwa. Programu ya kuchora ramani haikulipiwa. Mtu wa picha hajafundishwa, au daktari wa kuisoma ni mmoja na foleni yake ni ndefu. Na mara nyingine, wasikizi wangu, ni kwamba hakuna aliyeiomba. Fomu imeandikwa "MRI ya kichwa" na basi. Nimewahi kupokea fomu za namna hiyo mahali nilipofanya kazi: mgonjwa amemaliza mionzi, fomu haisemi alipata mionzi, haisemi lini, haisemi daktari anatafuta nini. Mtu wa picha hupiga alichoambiwa. Mgonjwa hurudi na picha nzuri isiyojibu swali lake.

Jirani zetu nao wanahangaika na mambo haya haya. Dar es Salaam wana taasisi ya MOI pale Muhimbili, inayopasua ubongo. Unguja wana kituo cha upasuaji wa ubongo hapo Mnazi Mmoja, kilichojengwa kwa msaada wa wakfu wa NED wa Uhispania. Wapasuaji wanaongezeka katika eneo letu, alhamdulillahi. Lakini mpasuaji hodari anayeingia bila ramani ya damu anafanya kazi ngumu kuliko inavyopasa, na hilo twaweza kulirekebisha kwa fedha ndogo kuliko bei ya mashine mpya. Wawakilishi wetu wa wadi, kama mnanisikiza: bajeti ya afya ya kaunti ikija mezani, msiulize mashine ngapi tu. Ulizeni kama pampu inafanya kazi, kama programu imelipiwa, na ni watu wangapi wamepelekwa kusomea.

Na wewe, ndugu yangu, ambaye una mgonjwa nyumbani, una la kufanya. Ukiwa mbele ya daktari, muulize kwa adabu: "Daktari, je, picha ya mtiririko wa damu, ile perfusheni, itamfaa mgonjwa wetu?" Si ujeuri kuuliza. Daktari mzuri hufurahi, na kama haifai atakueleza kwa nini. Hakikisha fomu inaandika kama mgonjwa alipata upasuaji na mionzi, na tarehe zake. Sema mapema kama ana ugonjwa wa figo, maana baadhi ya dawa za picha ni hatari kwa figo zilizochoka sana. Sema kama ni mjamzito, sema kama ana chuma au betri mwilini. Uliza bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, italipa kiasi gani, na uulize kabla ya siku ya kipimo, si mbele ya dirisha la malipo.

Halafu kuna ile bahasha kubwa. Mwaijua. Ile iliyowekwa juu ya kabati, au chini ya godoro, picha zimeshikana kwa joto na unyevu wetu wa Pwani, na ile sidii watoto wameichezea. Ndugu zangu, picha za zamani ndizo zinazotupa sisi uwezo wa kusema kitu kimekua, kimepungua, au kimebaki vilevile. Bila picha ya mwanzo, hata ramani ya damu hupoteza nusu ya faida yake. Zitieni ndani ya mfuko wa plastiki, ziwekwe mahali pakavu, na sidii iandikwe jina na tarehe. Ukienda kliniki, hata kama hukuambiwa, nenda nazo zote.

Wakati wetu umekwisha. Maswali yenu yatumeni, nami nitayajibu juma lijalo, pamoja na habari ya kifafa kwa watoto ambayo mama wengi wa Mshomoroni wameiomba. Kama nyumbani kwako kuna mtu mzima aliyeanguka kifafa kwa mara ya kwanza hivi karibuni, usingoje juma lijalo. Mpeleke hospitali kesho asubuhi.